Kitanda Kigoma: Ujipangie Mwenyewe au Umwachie Kampuni?

Asubuhi moja ya Julai nilikuwa zamu mapokezi, kwenye gesti ya pale Mwanga, Kigoma mjini. Treni ya kutoka Dar es Salaam iliyokuwa itarajiwe jana yake jioni iliingia stesheni saa nne asubuhi. Katika abiria wake walikuwamo wageni wangu wa aina mbili. Wa kwanza ni mume na mke, walimu wastaafu wa Morogoro, ambao watoto wao walikuwa wamewalipia safari nzima kwa kampuni ya utalii. Wa pili ni marafiki watatu wa Dodoma waliojipangia kila kitu kwa simu zao: tiketi, chumba, boti, kibali cha hifadhi. Wote walikuwa wapande boti za kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, saa moja asubuhi ile. Boti zote mbili zilikuwa zimeshawapita kwa saa tatu.

Walimu walinipa namba ya kampuni, wakaomba chai, wakaenda kulala. Kabla hawajaamka nilishapigiwa simu: boti imesogezwa kesho, mwongozaji amearifiwa, chumba kiongezwe usiku mmoja, na ankara ipelekwe kwa kampuni. Wale watatu hawakulala. Mmoja alikuwa anabembelezana na mwenye boti, ambaye alishanunua mafuta na kesho yake alikuwa na mteja mwingine. Wa pili alikuwa anatafuta mtu wa hifadhi wa kumweleza kuhusu kibali. Wa tatu alisimama mbele yangu akiuliza kama vyumba vyao vipo usiku wa ziada, na havikuwapo. Nilimtafutia kwa jirani. Mpaka adhuhuri walikuwa wamepoteza nusu ya fedha ya boti na hamu yote ya safari.

Jioni wakakaa barazani pamoja na wale walimu, wakalinganisha walicholipa. Mwalimu na mkewe, kwa kila kichwa, walikuwa wamelipiwa karibu mara mbili ya wale vijana. Mmoja wa vijana akanigeukia: "Dada, hapa nani aliyeliwa?"

Nimeulizwa swali hilo kwa namna nyingi katika miaka niliyokaa mapokezi, na jibu langu halijabadilika. Hakuna aliyeliwa. Vijana walinunua chumba, boti na kibali. Walimu walinunua chumba, boti, kibali, na mtu ambaye kuhangaika kwao ni kazi yake. Kitu hiki cha nne hakionekani kwenye picha za matangazo, na ndicho kinachofanya bei zionekane kama za safari mbili tofauti. Ukitaka kujua ujipangie au ununue pakeji, acha kwanza kulinganisha bei za vitanda. Uliza safari yako ina viungo vingapi, yaani vipande vinavyotegemeana, na kikivunjika kimoja ni nani atakayeviunga.

Neno pakeji lenyewe linatumika ovyo. Mwenye gesti akikupa chai na mayai asubuhi anasema ana pakeji. Dereva wa bajaji anayekuzungusha Ujiji, akakuonyesha mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, naye anasema ana pakeji. Ulaya neno hili lina mipaka ya kisheria. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizopitishwa mwaka 2015 na kuanza kutumika Julai 2018 zinahesabu kuwa ni pakeji pale huduma mbili au zaidi za aina tofauti, kama usafiri na malazi, zinapounganishwa kwa safari moja na kuuzwa pamoja. Zikishauzwa hivyo, aliyeziunganisha anawajibika kwa zote, hata kama hoteli ni ya mtu mwingine na basi ni la mwingine tena. Mgeni akikuta chumba kibovu hapelekwi kwa mwenye hoteli. Anarudi kwa aliyemuuzia.

Kanuni hizo si za Kigoma, lakini kipimo chake kinafaa kuazimwa. Mtu akikwambia ana pakeji, muulize: boti isipofika, ni wewe nitakayekudai au ni mwenye boti? Akijibu "hapo utaongea na mwenye boti," huyo hajakuuzia pakeji. Amekuuzia orodha ya namba za simu.

Kwa msomaji wa Kigoma naweza kulieleza jambo hili kwa dagaa. Siku za giza, wavuvi wakitoka ziwani alfajiri, nenda mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, Katonga au Kibirizi. Utamkuta mama anayenunua mzigo kwa mkupuo, anauanika, anaukusanya mvua ikitishia, anausafirisha. Mvua ikimuwahi, hasara ni yake. Faida anayoweka kwenye kila kipimo ni malipo ya kubeba hasara hiyo. Pembeni yake kasimama mtu ambaye hana hata dagaa mmoja. Anamjua mwenye mzigo, anakujua wewe mteja, anawakutanisha na kuchukua chake. Huyo ni dalali, na mvua haimhusu.

Biashara ya safari ina watu hao hao wawili. Kampuni ya utalii iliyofunga mkataba na hoteli, ikalipia vyumba vya msimu na viti vya ndege kabla hujajitokeza, ni yule mama wa dagaa. Inapewa bei ya wakala ambayo iko chini ya bei unayotajiwa wewe ukipiga simu, kisha inaweka faida yake juu. Ndiyo maana mara nyingine pakeji inakaribia kuwa sawa na gharama za mtu aliyejipangia, ingawa kampuni imepata faida. Biashara hii ilianza hivyo tangu zamani. Mwaka 1841 Mwingereza Thomas Cook alikodi treni, akawasafirisha watu karibu 500 kutoka Leicester kwenda Loughborough kwa shilingi moja ya Kiingereza kila mmoja. Hakuwa na treni yake. Alinunua kwa jumla, akauza kwa rejareja.

Tovuti za kubuku hoteli, zile ambazo vijana wa siku hizi hufungua kabla hata ya kumuuliza mwenyeji, ziko upande wa dalali. Sisemi hivyo kwa kuzitukana. Dalali mzuri anaokoa muda. Lakini wageni wengi hawaelewi kwamba wakishabonyeza kitufe, mkataba wao wa malazi ni kati yao na hoteli. Tovuti inachukua kamisheni kutoka kwa mwenye hoteli, kwa kawaida karibu asilimia 15, na masharti yake yanasema wazi kwamba yenyewe ni mpatanishi. Nimewahi kumpokea mgeni aliyefika saa mbili usiku na uthibitisho wake kwenye simu, wakati chumba hicho hicho tulikuwa tumempa mtu mchana. Sisi tulikuwa na daftari, tovuti ilikuwa na kalenda yake, na siku ile intaneti haikutulia, hivyo vitabu viwili havikukutana. Kosa lilikuwa letu. Nilimtafutia chumba kwingine na tukamlipia bodaboda, lakini kama ningekuwa mtu wa kusema "hakuna," yule mgeni angelala kwenye kiti.

Kwa hiyo, kwa kitanda cha mjini Kigoma, ushauri wangu ni kupiga simu moja kwa moja. Gesti nyingi za Mwanga na zile za karibu na stesheni hazimo mtandaoni kabisa, na zilizomo hufurahi ukiwapigia kwa sababu hawatatoa kamisheni. Omba upunguziwe, ni haki yako. Lipia usiku mmoja au miwili tu, ukafike ukaone chumba. Fungua bomba mbele ya mhudumu, angalia neti kama ina matundu, washa feni, uliza umeme ukikatika mnafanyaje. Ukikuta si kama ulivyoambiwa, mji una vyumba vingine na hujapoteza kitu kikubwa. Safari yenye kiungo kimoja haihitaji mtu wa kuunga viungo. Kumlipa mtu akubukie chumba cha Mwanga ni kumlipa mtu akuvushe barabara isiyo na magari.

Gombe ni habari nyingine, na hapa ndipo watu hukosea kwa pande zote mbili.

Hifadhi ya Taifa ya Gombe iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, ufukweni mwa ziwa. Ni hapo Jane Goodall alipoanza kuwachunguza sokwe Julai 1960, na mwaka 1968 pakawa hifadhi ya taifa. Ni eneo dogo, na wanyama wenyewe wanalindwa kwa masharti: mnaingia kwa kundi lisilozidi watu sita na mwongozaji, mnakaa nao kwa saa moja, mnasimama mbali nao angalau mita kumi. Mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia, maana sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua na hufa. Watoto wadogo hawaendi kabisa kuwafuata, hivyo anayekuja na familia aulize umri unaokubaliwa kabla hajalipa chochote. Nimeona mama akibaki gestini na mtoto siku nzima wakati mumewe yuko Gombe, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Unaweza kwenda mwenyewe. Boti za abiria zinazohudumia vijiji vya kaskazini huondokea Kibirizi, na nauli yake ni ya mwananchi wa kawaida. Tatizo ni ratiba: zinaondoka mchana na kurudi mjini asubuhi, kwa sababu zimepangwa kwa ajili ya watu wa vijijini wanaoleta mizigo sokoni. Ukizitumia ni lazima ulale hifadhini. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wana vyumba vyao vya wageni pale Kasekela, na unaweza kuvipanga kupitia ofisi ya hifadhi bila kupitia kampuni yoyote. Ada zinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa benki au simu. Usibebe bunda la noti ukidhani utamlipa askari getini. Kumbuka pia ada ya kuingia huhesabiwa kwa saa 24, hivyo usiku wa pili ni ada ya pili.

Anayetaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo atakodi boti. Na boti, tofauti na chumba au kibali, haina bei ya kichwa. Inakula mafuta yale yale ikiwa na mtu mmoja au sita. Chukua mfano wa hesabu tu: boti ikikodishwa kwa shilingi 600,000, ukiwa peke yako ni 600,000, mkiwa sita ni 100,000 kila mmoja. Hesabu hii ndogo inageuza lile wazo kwamba pakeji ni ghali siku zote. Msafiri wa peke yake mara nyingi atalipa pungufu akipitia kampuni ya hapa mjini inayokusanya wageni na kuwaunganisha kwenye boti moja. Kundi la marafiki sita ambao wameshajijaza boti wenyewe hawana haja hiyo. Wakijipangia wataokoa fedha za maana. Niwaambie kweli, wale vijana watatu wa Dodoma walikuwa katikati, na katikati ndiko kugumu zaidi. Walikuwa wengi wa kutosha kujiamini, wachache wa kutosha kuumia.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa mbali hawaijui kwa sababu haitangazwi sana. Jipangie treni au ndege, jipangie chumba cha mjini, halafu nunua kipande cha Gombe peke yake kwa kampuni iliyopo hapa hapa: boti, kibali, mwongozaji, chakula cha mchana. Kampuni inabeba mzigo pale penye viungo vingi, wewe unabeba pale pepesi. Bei yake inaeleweka na unaweza kumwona mtu uso kwa uso kabla hujatoa fedha. Kwa Mtanzania anayekuja kwa mapumziko ya siku nne au tano, sijaona mpango bora kuliko huu.

Ukishuka kusini kwenda Mahale, mizani inaelemea upande wa kampuni. Hifadhi ya Milima ya Mahale ilianzishwa mwaka 1985, ina kilomita za mraba zaidi ya 1,600, na ndani yake hakuna barabara za magari. Unafika kwa boti au kwa ndege ndogo inayotua kwenye kiwanja cha udongo, kisha boti tena hadi kambini. Mengine yote ni kwa miguu. Ndege hizo huruka siku chache za wiki, zikijazwa na wageni wa kambi, kwa hiyo kiti cha ndege na kitanda vimefungwa pamoja kama pacha. Ukipata kitanda bila kiti huna safari, na ukipata kiti bila kitanda vivyo hivyo. Kambi nazo haziuzi kitanda kitupu. Wanauza kitanda na chakula chote, mwongozaji, na boti ya kukupokea, kwa sababu hakuna duka wala mgahawa wa kukimbilia.

Anayesema Mahale haiwezekani bila kampuni anatia chumvi. Hifadhi ina mabanda yake Kasiha, na mtu mwenye muda anaweza kukodi boti Kigoma, akabeba unga, mchele, mafuta na gesi yake, akaenda. Zamani wengi walitumia meli ya Liemba, ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuzinduliwa hapa Kigoma mwaka 1915. Meli hiyo imekuwa ikisimama muda mrefu kwa matengenezo, hivyo usiijenge safari yako juu yake kabla hujathibitisha bandarini. Na usilidharau ziwa. Tanganyika ina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha kufikia mita 1,470, na katika miezi ya kiangazi, Mei hadi Agosti, upepo wa kusini huinua mawimbi yanayomfanya nahodha mwenye akili aseme leo hatutoki. Nahodha akisema hivyo, msikilize. Aliyejipangia anapaswa kuwa ameshaiweka siku hiyo ya kukwama kwenye bajeti na kwenye likizo yake. Mtu mwenye siku sita tu za likizo na ndege ya kurudi isiyobadilika hana siku hiyo, na kwake yeye Mahale ya kujipangia ni kamari.

Nigusie bei, maana ndiko kelele nyingi ziliko. Ukipewa bei ya pakeji kwa namba moja, omba ivunjwe: chumba kiasi gani, boti kiasi gani, ada za hifadhi kiasi gani, kodi kiasi gani. Si kwa ajili ya kubishana faida yao. Ni kwa sababu pakeji nyingi za Gombe na Mahale zimetungwa kwa ajili ya wageni wa kutoka nje, na ada za hifadhi za mgeni wa nje ni kubwa kwa mbali sana kuliko za Mtanzania. Raia akipewa bei ile ile bila kuvunjwa, anaweza kuwa analipishwa ada isiyomhusu. Sema mapema kwamba ninyi ni Watanzania, na mbebe vitambulisho. Ukitajiwa bei kwa dola, dai shilingi. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazozuia bidhaa na huduma za ndani kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Uliza pia kama bei imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani, maana wapo wanaoitaja mwishoni, mzigo ukiwa tayari mabegani mwako. Na kama unasafiri peke yako, fahamu kwamba bei za pakeji kwa kawaida zimepigwa kwa watu wawili wanaolala chumba kimoja, hivyo kuna nyongeza ya mtu mmoja.

Sasa lile linaloniuma zaidi: fedha ikishatoka, inarudije?

Uingereza wana mpango uitwao ATOL, ulioanza mwaka 1973. Kampuni zinazouza pakeji zenye ndege huchangia mfuko, na kampuni ikianguka, mfuko unawarudisha nyumbani walioko safarini na kuwarejeshea fedha ambao hawajaondoka. Ulipimwa kweli kweli tarehe 23 Septemba 2019, kampuni ya Thomas Cook, ile iliyotokana na treni ya Leicester, ilipofilisika asubuhi. Waingereza karibu 150,000 walikuwa nje ya nchi. Walirudishwa kwa ndege zilizokodiwa, na wenye pakeji waliokuwa hawajasafiri wakarejeshewa fedha zao kupitia mpango huo. Msafiri wa kule akilipia pakeji, ndani ya bei yake kuna mchango wa mfuko huo.

Wewe unayelipa Kigoma usinunue pakeji ukidhani mfuko wa aina hiyo unakusubiri. Hapa ulinzi wako ni wa aina nyingine, na sehemu kubwa unaujenga mwenyewe. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka anayefanya biashara ya wakala wa utalii awe na leseni, ambayo watu wa kazi hii wanaiita TALA. Omba kuiona, na angalia mwaka wake. Leseni haikurudishii fedha, lakini inakuambia kuna kampuni yenye jina, anwani na kitu cha kupoteza. Yule kijana anayekupokea uwanja wa ndege na picha za sokwe kwenye simu anaweza kuwa mwaminifu kuliko wote, ila akizima simu huna pa kugonga.

Lipa kwa njia inayoacha alama. Lipa Namba ya biashara inaonyesha jina kabla hujaweka namba ya siri. Jina likiwa la mtu binafsi ambaye humjui wakati umeambiwa unalipa kampuni, simama hapo hapo uulize. Dai risiti ya mashine. Na makubaliano yawe ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa aina hiyo kama ushahidi. Mimi wageni wangu huwapa maneno ya kutuma, yanakaribia hivi: "Naomba unithibitishie kwa maandishi: nikichelewa kwa sababu ya treni au ndege, boti inasogezwa bila malipo ya ziada au la? Ziwa likichafuka, tunahamishia siku nyingine au fedha inarudi? Nikiahirisha mwenyewe wiki moja kabla, unakata kiasi gani? Na boti ina maboya ya kuvaa kwa kila abiria?" Anayejibu yote manne kwa utulivu anaijua kazi yake. Anayejibu "usijali bosi" hajajibu.

Zingatia tofauti ya swali la kwanza na la tatu. Kuchelewa kwa treni si kosa lako, na kampuni iliyokuuzia treni hiyo ndani ya pakeji haipaswi kukutoza kwa ajili yake. Lakini kama treni ulijinunulia mwenyewe na kwa kampuni ulinunua Gombe peke yake, kuchelewa huko ni kwako, kama vile umeahirisha mwenyewe; wao boti yao ilikuwapo Kibirizi saa moja kama walivyoahidi. Watu wanaochanganya njia mbili, kama nilivyoshauri hapo juu, wanasahau hili. Dawa yake ni kuacha siku tupu kati ya kufika Kigoma na kupanda boti. Siku hiyo inagharimu chumba na chakula. Boti iliyokupita inagharimu zaidi.

Mwaka 2020 ulitufundisha hata sisi wa mapokezi. Aprili mwaka ule Tanzania ilisimamisha safari za ndege za abiria za kimataifa, na simu zikaanza. Waliopitia kampuni walikuwa na mtu mmoja wa kumpigia. Wengi hawakurudishiwa fedha taslimu, walisogezewa tarehe, lakini walizungumza na mlango mmoja. Waliojipangia walikuwa na milango minne au mitano, kila mmoja na masharti yake, na wengine walikuwa wamechagua ile bei nafuu ya chumba kisichorejeshwa fedha. Masharti hayo yaliandikwa wazi siku ya kubuku. Chumba kisichorejeshwa fedha kinafaa kwa safari ya kesho kutwa. Kwa safari ya miezi sita mbele, lipa ile tofauti ndogo ulale kwa amani.

Wale vijana watatu walirudi mwaka uliofuata. Safari hii mmoja alinipigia mapema, akaomba vyumba viwili moja kwa moja kwetu, nikampunguzia. Gombe waliinunua kwa kampuni ya hapa mjini, iliyowaunganisha na wageni wengine watatu, wakajaza sita. Boti waliipanga wakiacha siku moja tupu baada ya kufika. Treni ilichelewa tena. Waliingia saa tisa usiku, mashati yamejaa vumbi la reli, wakachukua funguo, na yule aliyeniuliza nani kaliwa akaniuliza kama migebuka, wale samaki wa Kibirizi, bado inapatikana asubuhi, maana kesho yake hawakuwa na pa kuwahi.